Mtungi Uliosema Mara Tatu

"Mtungi ukitikisika, toka ndipo uulize." Mnacheka? Chekeni mngali na meno. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, huku kwetu Buhaya, watu walikuwa ndio kwanza wanahama nyumba za msonge za nyasi na kujenga za matofali. Kokushubira alikuwa mjane wa kwanza kilimani kujengewa nyumba ya matofali na mwanawe aliyefanya kazi mjini. Alijivuna nayo, hata salamu za wapita njia akawa anazipokelea mlangoni, ili atakayemwona yeye aione na nyumba.

Ndani, pembeni, aliweka mtungi wake wa maji ya kunywa. Mtungi wa mama mkwe hauguswi na mke wa mwana. Mwenyewe huchota, mwenyewe hugawa. Asubuhi moja akakuta maji yamemwagika.

"Kemilembe! Nani kagusa mtungi wangu?"

Mke wa mwanawe akapiga magoti. "Mama, sijaugusa."

"Basi umeota miguu?"

Kesho yake maji yakamwagika tena. Kemilembe akasema ameuona mtungi ukitetemeka wenyewe, na mbuzi wamegoma kuingia zizini.

"Makubwa!" akasema Kokushubira. "Kwenu mkisema uongo, hata mbuzi mnawaita mashahidi."

Siku ya tatu, Kokushubira akiwa uani anaanika kahawa, Kemilembe alitoka mbio, mtoto mgongoni.

"Mama, unatikisika tena! Tusiingie!"

"Nipe mjukuu wangu. Rudi ndani, upige magoti mbele ya huo mtungi mpaka useme kweli. Mimi nakwenda kuvunja fimbo."

Kemilembe alimtazama. Kisha akamfunga mtoto mgongoni mwa mkwewe, akarudi ndani kwa adabu zake zote.

Kokushubira alisimama penye mti wa kahawa, anachagua tawi: hili nene mno, hili jembamba. Alipovunja la tatu tu, ardhi ikanguruma, ikamtupa kifudifudi. Alipoinua uso, nyumba ilikuwa vumbi. Msonge wa zamani, waliouachia mbuzi, ulikuwa umesimama, umeinama kidogo tu.

Walimfukua Kemilembe mchana. Alikuwa bado amepiga magoti. Na fimbo ilikuwa bado mkononi mwa Kokushubira. Hakuna aliyethubutu kumwambia aitupe.

Baadaye alikuja bwana mmoja wa serikali na mashine yenye sindano, inayochora kwenye karatasi ardhi ikitikisika. Akaeleza kwamba wakati mwingine tetemeko kubwa hutanguliwa na madogo.

"Na hiyo huonya mapema?" akauliza Kokushubira.

"Hapana, bibi. Huandika tu ardhi inapotikisika."

"Basi mtungi wangu ulikuwa fundi kuliko hiyo. Ulisema mara tatu. Bahati mbaya uliangukia kwa mtu mwenye masikio ya kuvalia hereni."

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Alirudi kuishi kwenye msonge na mjukuu wake, na mtungi mpya akiujaza pomoni. Maji yakicheza kidogo tu, hata kama ni paka kapita, alimnyakua mtoto mpaka uani. Siku moja, wamekaa hapo juani, mtoto akauliza:

"Bibi, nani kagusa mtungi?"

Kokushubira akamvuta kifuani.

"Mama yako hakuugusa," akasema.

Ndiyo maana tunasema: mtungi ukitikisika, toka ndipo uulize.