Moshi Uliovuka Mpaka

Nakijwa alikuwa akipepeta mahindi, mwanawe akikohoa mgongoni, Bwana Mwakio alipovuka mpaka kumletea habari. Kesho wataalamu wa nchi mbili wangekuja kupima hewa, na watakachokikuta kingeingia kwenye mkataba: nchi ambayo moshi wake unavuka mpaka ingelazimika kuuzuia.

"Kesho nalizima tanuri langu la chokaa kule ng'ambo," alisema Mwakio. "Wewe ndiye msemaji wa kijiji. Waambie moshi wa hapa ni wa majiko yenu. Ukikataa, nafunga bomba langu linalowaletea maji."

"Nitawaambia, tajiri. Ila ukizima, wataona anga safi huku sisi tunapika. Si watajua majiko hayana kosa?"

Mwakio alijikuna kidevu. "Kweli, mama. Basi silizimi."

"Lichochee hasa. Usiniaibishe mbele za watu."

Kesho yake tanuri lilifuka tangu alfajiri. Mbele ya Mwakio, Nakijwa aliwaambia wataalamu kwamba moshi wote ule ulikuwa wa majiko.

"Tupeleke tukayaone," walisema.

Waliingia nyumba kwa nyumba. Kila jiko lilikuwa baridi, majivu yamezolewa. Wanawake walikuwa wamekubaliana kushinda na ndizi mbivu. Juu yao moshi uliendelea kuvuka mpaka, na wataalamu wakaupima.

"Umeniuza, mama," Mwakio alinong'ona.

"Nimesema ulichoniagiza, neno kwa neno, na mashahidi ninao. Bomba utaliacha wazi."

Jioni majiko yaliwashwa. Nakijwa alipakua ugali na maharage, akahesabu vichwa: watoto wote, wataalamu, na Mwakio aliyenuna. Hakukosekana mtu.