Kuku wa Sajini Farajala

Katika boma la askari kule mpakani, Sajini Farajala ndiye aliyeamua mke wa nani alale ndani ya ukuta na wa nani akalale nje na fisi. Asubuhi moja alimwambia Mashavu, mke wa mpiga tarumbeta, "Yule tetea wako namtaka mchana, sahanini. Ukikataa, funga virago."

Mashavu hakubisha. Mchana alimwandalia, kisha akanong'ona, "Afande, nilipokwenda kisimani chungu kilibaki jikoni peke yake. Na humu bomani si wote wanaokupenda."

Sajini, aliyekuwa ameshanyoosha mkono, akaurudisha. "Onja wewe kwanza."

Mashavu akala paja. "Hili salama."

"Na la pili?"

Akalimaliza. "Nalo salama."

"Kifua je?"

Akala kifua, akala mabawa. Ikabaki firigisi.

"Hiyo ni ya mwanamume, afande. Siwezi."

"Kumbe imo humo," sajini akasema, jasho likimtoka. "Kula. Ni amri."

Mashavu akatii, akalamba vidole, akamsogezea sahani ya mifupa.

"Kula bila wasiwasi, afande. Sumu haimo. Ila chumvi imepungua kidogo."