Tela Likikupita Halipigi Honi

…na Bibi yumo ndani, jamani, Bibi yumo ndani! Hivyo ndivyo nilivyotaka kupiga kelele, na sauti haitoki. Mdomo wazi, mkono umeganda kwenye dashibodi. Haya, nimeanzia katikati. Sogeeni nianze vizuri, maana hata sasa nikilisimulia hili mwili unanisisimka.

Wewe Paskazia umerudi kutoka dukani na swali. Unasema kule stendi bodaboda mmoja breki zimemshinda, kaingia mpaka kwenye meza ya mama wa vitumbua, na mwenzake badala ya kumpa pole kamwambia, "Tela likikupita halipigi honi." Watu wakacheka. Sasa unataka kujua hiyo ni methali ya kabila gani.

Ni ya hapa, mdogo wangu. Ya nyumba hii. Najua mwalimu wenu wa Kiswahili kawaambia methali ni za wahenga, na wahenga walishakufa wote. Hii ina siku nne. Mhenga wake yuko chumbani kajilaza, goti linamuuma, na asubuhi kanituma nimchemshie maji ya kulikanda. Tela likikupita halipigi honi. Ilizaliwa Jumanne, saa nne asubuhi, na ilianza hivi.

Tela letu la kulala mnalijua, lile jeupe. Baba mdogo Boay alilinunua kwa mtafiti mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akalipaka rangi, akawa anawakodisha wageni wanaopenda kupiga kambi wenyewe. Ndani kuna kitanda, kabati, jiko dogo la gesi na dirisha lenye pazia la maua. Bibi tangu siku ya kwanza alikuwa analalamika, "Watu wa dunia nzima wanalala kwenye nyumba ya mwanangu. Mimi nitalala lini?" Basi wiki hii hakukuwa na mgeni. Baba mdogo akalifunga tela nyuma ya gari, tukapanda Karatu, yeye, mimi na Bibi, siku mbili tu, Bibi naye ajisikie mtalii.

Sasa mimi nina diploma ya utalii. Kama hamlijui hilo basi hamjawahi kukaa na mimi dakika tano. Chuoni tulionyeshwa picha za kambi za zamani, miti mitatu imesimamishwa juu ya moto, sufuria inaning'inia kwa mnyororo. Nikasema Bibi lazima apikiwe makande kwa mtindo ule. Mafiga yalikuwepo pale kambini, mazuri tu, lakini mafiga si anapikia kila mtu? Miti nikaipata. Mnyororo sina. Nikazunguka, nikazunguka, macho yakaangukia mnyororo wa tela.

Ule mnyororo mnaujua kazi yake? Shingo ya tela inakalia kichwa cha chuma nyuma ya gari, halafu inafungwa kwa pini. Pini ndiyo inayoshika. Mnyororo ni wa akiba. Pini ikitoka njiani, mnyororo unalizuia tela lisikimbie. Mimi nikajiambia, pini ipo, mnyororo wa nini? Nikaufungua, nikauosha kidogo, nikaning'iniza sufuria.

Makande yakaiva. Bibi akala sahani mbili, akasema yana harufu ya grisi lakini matamu. Mzee Gidamis, mlinzi wa kambi, tukampelekea bakuli lake, na yeye akasifia ule mnyororo. Nikapiga picha nyingi. Mnyororo ukabaki pale pale umening'inia.

Jumanne asubuhi tukafungasha. Magunia mawili ya vitunguu ambayo Bibi alinunua, na madumu yote ya maji, nikavipanga nyuma kabisa ya tela, karibu na mlango, ili tukifika iwe rahisi kushusha. Chuoni hilo hawakutufundisha. Mzigo mzito unatakiwa ukae mbele kidogo ya magurudumu, uikandamize shingo. Ukiuweka nyuma, shingo inakuwa nyepesi na tela linaanza kucheza kiuno barabarani.

Na Baba mdogo, wakati mimi nahangaika na vitunguu, yuko mbele anatafuta pini. Aliichomoa siku tuliyofika, akaiweka kwenye majani, majani yakaimeza. Alitafuta kidogo akachoka. Akafungua boksi la spana, akatoa msumari wa inchi sita, akauchomeka, akaupinda ncha kwa nyundo. Hili mimi sikuliona, alilisema mwenyewe baadaye. Anasema alijiambia hivi: msumari unatosha kutufikisha, na hata ukikatika, mnyororo upo.

Mmeona? Mimi nategemea pini yake, yeye anategemea mnyororo wangu. Na pini ni msumari, na mnyororo unanukia makande.

Likabaki la Bibi. Gari la Baba mdogo ni refu, kulipanda kwa goti lile ni kazi. Bibi akafungua mlango wa tela, akakaa kitandani, akavua viatu.

"Mama, tela likitembea haruhusiwi kukaa mtu ndani," Baba mdogo akamwambia.

"Mimi si mtu. Mimi ni mama yako. Endesha."

Nani angebishana naye? Baba mdogo akapanda, akawasha, akachungulia dirishani. "Nyuma tayari?"

Mnajua madereva wetu na watu wao wa nyuma. Mtu wa nyuma hajibu kwa mdomo, anapiga bodi kwa kiganja mara mbili, pa-pa, dereva anaelewa kila kitu kiko sawa, anaondoka. Na kufunga mnyororo ni kazi ya mtu wa nyuma. Mtu wa nyuma nilikuwa mimi. Nilikuwa na simu mkononi, natuma picha za sufuria. Nikapiga bodi, pa-pa, bila kuinama. Nikakimbilia kiti cha mbele.

Tukatoka Karatu vizuri. Tela likawa linayumba, mara huku mara kule. Baba mdogo akasema ni upepo. Miti ya pembeni imetulia tuli, hata jani halitikisiki, na sisi wawili tumekubaliana ni upepo.

Baada ya Rhotia kuna mteremko, si mkubwa, halafu chini kuna tuta. Pale mafundi wa barabara walikuwa wamemwaga kifusi upande wa kulia, rundo kubwa la udongo mwekundu, wenyewe wamekaa pembeni wanakunywa chai. Baba mdogo akaliona tuta, akakanyaga breki. Nikasikia nyuma kitu kimefanya tak, kama mtu kavunja kuni kavu. Halafu gari likawa jepesi ghafla, mnajua kama vile umetua ndoo ya maji kichwani.

Mara upande wa kulia, upande wa dereva, likaja dude jeupe linatupita.

Baba mdogo akafyonya. "Angalia mpumbavu huyu. Anaovateki kwenye tuta, hata honi hapigi."

Mimi namwangalia huyo mpumbavu. Naona pazia la maua.

"Baba mdogo."

"Watu kama hawa ndio wanaoua abiria."

"Baba mdogo, halina dereva."

Akageuza shingo. Na dirisha la tela ndiyo kwanza limefika usawa wa dirisha lake, na nyuma ya pazia, Bibi. Amekaa kitandani, ameshika kabati kwa mkono mmoja, anatutazama. Mama na mwanawe wakatazamana hivyo, mita mbili kati yao, yeye ndani ya gari, mama yake ndani ya tela, na tela linampita. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima unaisha damu namna ile. Mbele kidogo ya pale, nyie mnaijua barabara, kuna zile kona za kushukia huku kwetu, ambapo ukitazama chini unaona ziwa Manyara lote. Kama msumari ungevumilia hadi kule, leo nyumba hii ingekuwa na turubai la msiba nje.

Ile shingo ya tela ilikuwa imeangukia lami, inakwaruza, cheche zinaruka. Likavuka tuta kwa kuruka, nikasikia vyombo vyote vinamwagika. Hakuna gari lililokuwa linapanda, hiyo ni rehema peke yake. Mafundi wakatupa vikombe wakakimbia. Tela likachepuka kulia, likaingia kwenye kifusi, likazama mpaka kwenye ekseli, likasimama. Vumbi. Halafu kimya.

Baba mdogo hata hakuzima gari. Aliruka nje, akaanguka, akainuka, anakimbia na kiatu kimoja. Analia "Mama, mama," mzee wa miaka hamsini na mbili. Mlango wa tela umebana. Akauvuta yeye, wakauvuta mafundi, ukafunguka, na vitunguu vikaanza kumwagika kama mvua, vingine vikatugonga miguuni. Ndani tukasikia mtu anakohoa.

Bibi alikuwa amekaa kwenye sakafu, godoro limemwangukia mgongoni, unga umemjaa kichwani. Akatutazama mmoja mmoja.

"Viatu vyangu viko wapi?"

Baba mdogo akapiga magoti kwenye vitunguu. "Mama, nisamehe. Sikujua. Nimekuona unanipita, nikadhani ni gari la mtu. Hata honi sikusikia."

Bibi akajipangusa unga kwenye nyusi, taratibu.

"Ulitaka nani akupigie honi, Boay? Mimi? Gari lina honi. Basi lina honi. Hata baiskeli ina kengele. Tela ni kitu chako mwenyewe, umelifunga kwa mkono wako. Tela likikupita halipigi honi."

Mafundi walisimama pale wameduwaa. Mmoja akarudia chini chini, kama anaionja. Jioni ile ile ilishafika stendi, ndiyo mnaisikia leo kwa bodaboda.

Lakini msiondoke, kuna nusu ya pili, na hii hamtaisikia stendi.

Baba mdogo akainama kwenye shingo ya tela, akakuta kipande cha msumari. Halafu akatafuta mnyororo. Hakuna. "Umekatika," akasema. "Mnyororo mzima umekatika, umepotelea barabarani. Vyuma vya siku hizi." Na mimi, Filomena, mwenye diploma, nikaitikia. "Kweli, Baba mdogo. Vyuma vya siku hizi."

Siku nzima akawa anawasimulia majirani hivyo, na mimi nipo pembeni naitikia. Usiniangalie hivyo, Paskazia. Nilijua nitamwambia. Nilikuwa nangoja hasira zake zipoe, kumbe hazikuwa hasira, ilikuwa aibu. Alikuwa ameuleta ule msumari nyumbani, kauweka mezani, anautazama. Akasema hatavuta tena tela maisha yake. Miaka yote hii anasifika kwa udereva, halafu amemtupa mama yake barabarani. Na mimi nipo, nakunywa chai.

Jumatano asubuhi tumekaa hapa hapa barazani, Bibi, Baba mdogo, mimi. Konda wa gari la Karatu akasimama getini na kiroba. "Mzigo wa Filomena huu. Umetoka kambini, kwa Mzee Gidamis." Kiroba kizito, kinalia cheng'e-cheng'e. Juu kimebandikwa karatasi, na konda yule kwa ukarimu wake akaisoma kwa sauti: "Apewe binti wa chuo. Amesahau mnyororo wake wa kupikia."

Mimi nilitamani baraza lifunguke linimeze.

Baba mdogo akaumwaga sakafuni. Mzima. Hakuna pete hata moja iliyokatika. Mweusi tii kwa masizi. Bibi akaunyanyua ncha moja, akaunusa.

"Makande," akasema.

Bibi akanigeukia, na wala hakunigombeza, heri angenigombeza.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "na wewe limekupita. Ulisikia honi?"

"Sikusikia, Bibi."

Hapo ndipo nilipoielewa. Mara ya kwanza niliona ni maneno yanayomhusu Baba mdogo na msumari wake, nikacheka moyoni kabisa. Kumbe kile unachokiacha nyuma bila kukitazama, kiwe chuma, kiwe uongo, kinakuja tu kimya kimya, unakiona kimeshafika ubavuni.

Alichoniambia Baba mdogo baada ya pale, na kwa nini akakubali kulivuta tela tena, ni kirefu, na yeye ndiye yule ananiita nje. Mgeni anataka tela leo. Limeshatengenezwa, na pini mpya ipo. Sasa kila safari lazima niinue gurudumu nilizungushe nisikie kama linakoroma, nikaze nati, niwashe taa za nyuma, mzigo mzito niusogeze mbele, minyororo iwe miwili na ipishane chini ya shingo kama mikono iliyokunjwa. Na ndani ya tela asikae mtu, hata awe mama wa nani.

Mnamsikia? "Nyuma tayari?" Anauliza, lakini injini hajawasha, anangoja kwanza aone mgongo wangu umeinama. Kesho mkija kumsalimia Bibi nitawamalizia, na yeye akiwepo asahihishe. Acha nikainame. Tela likikupita halipigi honi.