Kidawa na Siri ya Mbio za Duma

Paukwa!

Pakawa!

Mmekula?

Tumeshiba!

Basi kaeni vizuri, maana hadithi hii haisikilizwi na tumbo tupu.

Hapo zamani za kale palikuwa na swala kigori aitwaye Kidawa. Swala jike hana pembe, hana makucha. Ana miguu tu. Ndiyo maana kila alfajiri akina mama waliwaamsha mabinti ili wale majani yenye umande kwanza, ndipo wafanye mazoezi ya mbio, hadi mtoni na kurudi, mara tatu.

Kidawa alitaka kuwashinda wote. Siku moja akamwona Duma, bingwa wa mbio, amejilaza juu ya kichuguu, tumbo limebonyea. Akasimama mbali, akapaza sauti.

"Shikamoo, babu! Asubuhi unakula nini hata ukawa mwepesi hivyo?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Asubuhi sili kitu. Mimi nakimbia kwanza, nakula baadaye."

Kidawa akafurahi. Kumbe siri ni njaa!

Asubuhi ya kwanza mama yake akaita, "Kidawa, njoo ufungue kinywa."

"Sina njaa, mama."

Mzunguko wa kwanza akaongoza. Wa pili masikio yakavuma. Wa tatu akawa wa mwisho. Akashangaa: mbona mimi ndiye mwepesi, na mimi ndiye wa mwisho?

Asubuhi ya pili mama akaita, "Kidawa, njoo ufungue kinywa."

"Sina njaa, mama."

Mzunguko wa kwanza akaachwa. Wa pili magoti yakatetemeka. Wa tatu hakuumaliza. Rafiki yake Sikudhani akampita akicheua.

"Shoga, una nini?"

"Sijui. Labda tumbo bado halijawa tupu vya kutosha."

Sikudhani akacheka. Kidawa hakucheka; kichwa kilimuuma na mambo yalimchanganya kweli. Hebu niambieni, nyinyi mlioacha uji ukapoa leo: mtu akipotea njia, huongeza mwendo?

Asubuhi ya tatu mama akaita, "Kidawa, njoo ufungue kinywa."

"Sina njaa, mama."

Siku hiyo Duma akashuka kichuguuni. Swala wote wakatimka. Kidawa naye akajaribu, miguu ikakataa. Akaona Duma wawili, asijue amkimbie yupi. Akaanguka.

"Babu!" akalia. "Nimefanya kama ulivyosema! Siku tatu sijala asubuhi!"

"Najua, mjukuu wangu. Nilikwambia nakimbia kwanza, nakula baadaye. Hukuniuliza hiyo baadaye nakula nini."

Mara Sikudhani akapita mbele ya pua ya Duma, akirusha mateke. Uroho ukampanda Duma: huyu aliyelala hana pa kwenda, ngoja nimkamate na yule. Akamfukuza. Lakini Sikudhani alikuwa amekula akashiba. Alimzungusha uwanda mzima, hata Duma akajibwaga chini, ulimi nje.

Mama akamkokota Kidawa hadi kichakani. Hakumkemea. Alimwambia neno moja tu, "Kula," na Kidawa akala huku machozi yakimtoka.

Wasichana, anayelinyima tumbo asubuhi asiilaumu miguu mchana. Na anayekusifia njaa, mtazame kwanza meno.

Hadithi imefika kituo. Utamu wake gawaneni. Mkikuta mchanga humo, niachieni mimi.