Mtoto wa Chungu Namba Tisa

Sogeeni wote, wakubwa kwa wadogo. Leo nina wanajeshi wastaafu watatu na ufunguo mmoja, na nikimaliza nitawauliza swali, kwa hiyo asisinzie mtu.

Ufunguo ulikuwa wa Bi Somoe. Kwa miaka thelathini na mmoja alitunza ghala la makumbusho ya mji mdogo wa Mtambwani, mnamowekwa vyungu, shanga na mifupa iliyofukuliwa na wachimbaji wa mambo ya kale. Sasa alikuwa anastaafu. Wakubwa wake walimletea wastaafu watatu wa jeshi awafundishe kazi hiyo, kisha aandike jina la mmoja tu, naye huyo ndiye angeajiriwa.

Wa kwanza, Sajini Masanyiwa, alikuwa mteguzi wa mabomu. Mikono yake ilijua uzito wa kitu kabla macho hayajakitazama vizuri.

Wa pili, Koplo Nyamizi, alikuwa muuguzi wa vitani. Alifunga majeraha risasi zikipita juu ya kichwa chake, na vidole vyake havikutetemeka.

Wa tatu, Koplo Chitundu, alikuwa mtu wa redio. Namba aliyoisoma mara moja haikumtoka tena.

Siku ya kwanza Bi Somoe nusura azimie. Alifika saa mbili asubuhi, akakuta trei nzima ya vigae vya kale, vipande mia mbili, vimesuguliwa kwa sabuni na brashi, vinang'aa, vimepangwa kwa mistari kuanzia kirefu hadi kifupi kama askari wa gwaride.

"Tayari kwa ukaguzi, mama!" Masanyiwa alipiga saluti.

"Namba ziko wapi?"

"Namba gani, mama?"

"Kila kigae kilikuwa na namba ya wino mgongoni! Ndiyo inayosema kilitoka shimo gani!"

Masanyiwa aliigeukia ndoo. Maji yalikuwa meusi. "Tulidhani ni uchafu," alisema taratibu. "Amri niliitoa mimi. Hawa walitii tu."

Bi Somoe aliketi sakafuni, palepale penye maji. Chitundu alizikumbuka namba arobaini za vigae alivyoviosha yeye. Nyingine zote zilikwenda na povu.

Tangu siku hiyo sheria ikawa hii: hakuna kugusa, kufunga wala kufungua kitu bila ruhusa ya Bi Somoe. Na kusema kweli walijifunza. Kwa miezi mitano waliandika lebo, wakalaza shanga kwenye pamba, wakajua kwamba chungu hubebwa kwa kushikwa tumbo, si shingo.

Sasa, mlango wa ghala ulikuwa na tabia ya kujibamiza kwa upepo. Bi Somoe aliuzuia kwa chungu kikubwa, kizito, kilichozibwa mdomo kwa udongo, kisicho na namba yoyote. Kila asubuhi alikisukuma kwa mguu, na kila jioni alikirudisha kwa mguu.

Asubuhi moja lori lilileta rafu mpya. "Sajini, hebu niondolee hicho chungu cha mlangoni," alisema Bi Somoe.

Masanyiwa alikinyanyua, akapiga hatua mbili, akaganda. "Msisogee."

"Afande, acha mzaha wako," alisema Chitundu, lakini alikuwa amekwisha kulala kifudifudi.

"Inuka wewe, si bomu. Ila humu hamjajaa udongo. Kuna kitu chepesi kimejigeuza."

Hapohapo ufa ukaanza mdomoni mwa chungu, ukateremka hadi tumboni. Mwingine angeshtuka akakiachia. Masanyiwa alikikumbatia, akapiga magoti polepole, goti lake bovu juu ya saruji, akatulia hivyo hivyo bila hata kufuta jasho.

Nyamizi aliliinua begi lake la bandeji. "Asikifunge mtu!" alipiga kelele Bi Somoe. "Nampigia mtaalamu wa mkoa."

"Mtaalamu atafika kesho, mama," alisema Nyamizi. "Hiki hakina hata nusu saa."

Hakungoja jibu. Alifungua begi lake, akakizungushia karatasi laini, kisha bandeji, taratibu, kama mtu anayefunga mbavu zilizovunjika. Ufa ukakoma. Kabla hajaufunika wote alimulika tochi ndani.

"Umeona nini?" aliuliza Bi Somoe.

"Ni mtoto, mama. Naona taya. Lina meno mawili tu ya chini. Huyu hajafika mwaka."

Bi Somoe aliutazama mguu wake wa kulia.

Kesho yake Chitundu alikuja na daftari kuukuu la wachimbaji. "Nimefungua kabati la ofisini kwa waya, mama. Adhabu nitaipokea baadaye." Alieleza kwamba vyungu vilivyofukuliwa kwenye kilima cha Nambunda vilipangwa kuanzia namba moja hadi kumi na saba, na tangu mwezi wake wa kwanza pale ghalani pengo la namba tisa lilikuwa likimsumbua. Akasoma: "Namba tisa. Kimezibwa. Kaburi la mtoto. Kisifunguliwe. Wenyewe wameomba warudishiwe."

Bi Somoe alilichukua daftari, akaisoma mistari hiyo mwenyewe. Kila mwaka baada ya mavuno alikuja mwanamke mmoja kutoka Nambunda, Bibi Lukia, akauliza, "Mtoto wetu yuko wapi?" Na kila mwaka Bi Somoe alimjibu, "Bibi, hapa tunatunza vyungu, hatutunzi watoto." Bibi Lukia alikuwa akiweka kapu lake juu ya chungu cha mlangoni, akipumua kidogo, kisha akirudi kwao.

Alitumiwa habari, akaja na gari la kwanza. Hakupiga kelele. Alikitazama chungu ndani ya bandeji zake, kisha akamtazama Bi Somoe mpaka Bi Somoe akainamisha kichwa.

"Kaburi lake litakuwa tayari masika yakiisha," alisema. "Mpaka hapo atalala hapa. Lakini simwachi tena mikononi mwa nyumba hii. Nyumba imenidanganya miaka yote hii. Nitajie mtu mmoja, nimkabidhi mtoto."

Huyo mmoja ndiye angepewa ufunguo.

"Mpe Nyamizi," alisema Masanyiwa. "Mimi ndiye niliyeosha namba za watu."

"Bila mikono yako, afande, ningefunga nini? Vumbi?" alijibu Nyamizi. "Na mimi nilivunja amri."

"Na bila lile daftari mngebaki na mtoto asiye na kwao," alisema Chitundu. "Ila mimi ni mwizi wa makabati."

Hakuna aliyecheka. Bi Somoe aliona jinsi kila mmoja alivyouangalia ufunguo kwa pembe ya jicho. Tangu watoke jeshini hakuna aliyewakabidhi kitu chochote wakilinde.

Akachukua karatasi. Bibi Lukia alikuwa akingoja, safari hii kapu lake amelipakata mapajani.

Haya, mimi nimefika mwisho wangu, ninyi bado. Kama kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na wale wawili waliobaki ungewaambia nini, wakiwa wamesimama mbele yako?