Kofi la Kisima cha Kwadundwa

Apigaye makofi ameiacha kamba. Methali hii ilianza hivi: mtu alivunjika mguu ndani ya kisima, na waliomvunja walikuwa wakimsifu.

Mmeisikia, vijana, mkauliza ilikotoka. Basi kaeni.

Pale kijijini Kwadundwa mwanamke alisifu kwa kigelegele, mwanamume kwa viganja. Fundi akitimiza kazi, kila mwanamume aliyekuwapo alipiga makofi, wote kwa pamoja. Asiyepiga aliitwa hasidi, na jambo baya likimpata fundi baadaye, aliulizwa yeye. Kwa hiyo watu walipiga hata wasipopenda.

Sekibaha, mchimba visima, sifa zilikuwa zimemchosha. Kila alikokwenda aliambiwa hongera na heko, naye mgongo unamuuma na nyumba yake inavuja. Alikusudia akimaliza kisima hiki arudi kwake, apande mahindi kabla mvua hazijampita kama zilivyompita mwaka uliotangulia.

Yeye alijaza mawe kikapuni huko chini, na juu watu wawili walivuta kamba: shemeji yake Semdoe na jirani mmoja. Asubuhi ile, kabla hajashuka, alimwambia Semdoe, "Shemeji, jana niligusa udongo mbichi. Maji yakitoka, msinipigie makofi mpaka nitoke."

"Unataka niitwe mchawi wa mume wa dada yangu?"

"Afadhali uitwe mchawi, mimi nitoke na miguu yangu."

Semdoe alicheka. "Shuka huko, bwana kununa. Sifa haijaua mtu."

Jua lilipopanda, sururu ilipasua mwamba, maji yakamfikia Sekibaha vifundoni. Alifurahi, hilo tusilifiche. Kikapu cha mawe kilikuwa kinakaribia mdomo wa kisima. Akasahau maneno yake mwenyewe, akaita, "Maji!"

Wanawake walipiga vigelegele, na kigelegele hakihitaji mikono. Wanaume wakapiga makofi. Jirani akapiga. Semdoe akapiga. Sekibaha alipotazama juu aliona mwanga umezibwa na kikapu kinachokuja. Alijibana ukutani, mguu mmoja ukabaki nje.

Makofi yaliendelea kidogo, maana waliosimama nyuma hawakujua.

Walipomtoa, Semdoe alikuwa akilia, akisema hakukusudia, mikono ilikwenda yenyewe.

"Najua, shemeji," Sekibaha akamjibu. "Apigaye makofi ameiacha kamba."

Kwadundwa walipata maji, na wanayanywa mpaka leo. Sekibaha alipoteza mguu wa kulia, kuanzia gotini. Alipoteza kazi yake. Msimu ule hakupanda, na uliofuata mkewe alilima peke yake. Kijiji cha pili kilichokuwa kikimngoja akiisha kupanda hakikupata fundi mwingine. Wanawake wa huko waliendelea kuchota bondeni, mbali, maji ya matope.

Hayo yote kwa kofi moja la kumsifu. Apigaye makofi ameiacha kamba.