Kwa Nini Mke wa Hondohondo Huatamia Gizani

Mkipita msituni mkaona tundu la mti limezibwa kwa udongo, umebaki ufa mwembamba tu, msiliguse. Ndani yupo mama anayeogopa, na hofu yake ina chanzo.

Zamani matundu ya miti hayakuwa na kuta. Ndege aliyetaka kutaga alikwenda barazani, kando ya mto, na mzee Korongo, mwamuzi wa wote, alichota donge dogo la udongo akalibandika mlangoni pake. Donge lile lilikuwa neno la baraza. Ukubwa wake haukuzidi punje ya hindi, lakini hata Swila, nyoka mwenye sumu, akiliona aligeuza njia.

Basi Hondohondo, ndege mwenye domo kubwa, akalitamani tundu la Kwenzi, ndege mdogo wa watu. Baraza likasikiliza, likaamua kwamba tundu ni la Kwenzi, na Korongo akabandika donge. Hondohondo, kwa lile domo lake lisilojua adabu, akalibandua mbele ya kadamnasi na kulitupa chini.

"Udongo ni udongo," akasema. "Na mzee mwenyewe anasimama kwa mguu mmoja. Atanifanya nini?"

Wengine walicheka, maana dharau ya mwenye nguvu huchekesha. Mkewe hakucheka. Alikuwa amemwona Swila nyasini, ametulia, analitazama donge lililoanguka, kisha anamtazama aliyeliangusha ambaye hakupatwa na lolote.

"Baba watoto, rudi ukaombe radhi," alimsihi njiani.

Mumewe aliruka moja kwa moja hadi tunduni. Kwenzi akahama na machozi yake, nao wakahamia.

Mke alipotaga, usingizi ulimpaa. Kila jani lililodondoka alilisikia kama tumbo la nyoka likipita juu ya gome. Mwishowe alikwenda peke yake kwa Korongo, akapiga magoti, akaomba donge. Mzee hakuwa na kinyongo, akambandikia.

"Nimeliweka, mwanangu," alisema. "Ila sijui kama bado yupo wa kuliheshimu."

Swila alikuja mchana kweupe, Hondohondo akiwa mawindoni. Alipanda taratibu, akafika mlangoni, akasimama. Mke alishusha pumzi. Nyoka akalilamba donge kwa ncha ya ulimi.

"Udongo ni udongo, shemeji," alisema kwa upole. "Mumeo ndiye aliyenifundisha."

Akalisukuma kwa pua, likaanguka. Mama yule alirukia tawi la pili akapiga kelele, akaliita baraza, akamwita Korongo, akamwita hata Kwenzi. Msitu mzima ulisikia. Lakini kila ndege alikuwa amejikunyata juu ya mayai yake, akijiuliza zamu yake itafika lini. Swila aliyameza mayai moja baada ya jingine, wala hakuwa na haraka.

Hondohondo alirudi akakuta tundu tupu. Akaruka hadi barazani kudai haki, akakuta hakuna aliyeketi isipokuwa Korongo, kainamisha shingo. Mchimba kisima aliingia mwenyewe, lakini aliyelia ni mkewe.

"Mimi sitagi tena mlango ukiwa wazi," mke alimwambia. "Ulibandua donge moja. Sasa niletee udongo mpaka nisionekane."

Akauleta kwa domo lilelile, safari kwa safari, naye mke akaukandika kutoka ndani hadi mwanga ukabaki kama uzi. Giza lilimwogopesha, lakini alikandika tu.

Na tangu siku hiyo mke wa Hondohondo hujifungia ndani ya mti, hunyonyoka manyoya humo, na hula kile tu anachopenyezewa ufani. Zamani donge moja lilimtosha kila mama kulala. Yeye ana ukuta mzima, na bado akisikia kitu kinatambaa juu ya gome, huzuia pumzi.